Injini Inapotetemeka Gari Likiwa Limesimama

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma mashairi, hadithi na vichekesho. Mara hii nimeona niwaletee somo la ufundi, na nina sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaokuja shule na kurudi nyumbani kila siku hupanda matatu, na sidhani kuna mtu ambaye hajawahi kukalia kiti kinachotikisika kama chekecheke gari likisubiri abiria. Pili, wako wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza injini. Hao nawaomba wasome hadi mwisho, halafu tutaongea.

Jambo ninalotaka kusema ni moja tu: injini inayotetemeka inatoa habari. Ukiinyamazisha bila kujua ilikuwa ikisema nini, unaweza kupoteza pesa, na pengine kupoteza maisha.

MNGURUMO WA KUSIMAMA

Gari likiwashwa, gia ikiwa huru na mguu haujagusa mafuta, injini huendelea kuzunguka polepole ili isizime. Hali hiyo nitaiita mngurumo wa kusimama. Injini ndogo ya petroli ikishapata joto huzunguka kati ya mara 600 na 900 kwa dakika, kutegemea aina ya gari. Mngurumo mzuri ni kama cherehani ya fundi hodari, sauti moja bila kukwaruza. Mngurumo mbaya unaujua hata bila kufunguliwa boneti. Usukani unatetemeka, vioo vya kando vinacheza, sindano ya mizunguko inapanda na kushuka, na wakati mwingine injini inazima kabisa. Mafundi wa mtaani husema, "Hii gari inamisi." Mimi nitasema silinda inaruka moto, maana yake zamu yake ya kuwaka imefika na haikuwaka.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Tuseme injini inazunguka mara 720 kwa dakika. Kila silinda itawaka mara 360 kwa dakika, yaani mara 6 kwa sekunde. Silinda nne zitawaka mara 24 kwa sekunde. Sasa silinda moja ikikataa kuwaka, kuna mapengo 6 katika kila sekunde. Mapengo hayo ndiyo unayoyasikia kwenye kiti.

MAMBO MANNE

Ili silinda iwake inahitaji mambo manne: hewa, mafuta, cheche na mgandamizo. Na yote manne lazima yafike kwa wakati wake. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa kipimo cha karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Hewa ikizidi sana, mchanganyiko unakuwa mwepesi na unashindwa kuwaka. Petroli ikizidi, unakuwa mzito, moshi unakuwa mweusi na plagi zinajaa masizi. Cheche hutoka kwenye plagi. Mgandamizo ni kule kubanwa kwa mchanganyiko na pistoni kabla ya cheche kuruka. Vali zisipofunga vizuri au ringi za pistoni zikiwa zimelika, mchanganyiko hubanwa nusunusu, na moto wake unakuwa dhaifu.

Kwa hiyo fundi anapoletewa gari linalotetemeka, swali lake la kwanza linapaswa kuwa hili: katika hayo manne, ni lipi linalokosekana, na linakosekana katika silinda moja au katika zote?

KWA NINI TABU HUONEKANA GARI LIKISIMAMA?

Wengine watauliza, mbona gari hilohilo likishika barabara kuu linatulia? Jibu liko katika fizikia. Gari likisimama, mlango wa hewa wa injini unakuwa karibu umefungwa. Pistoni zinaendelea kuvuta, basi ndani ya bomba la kuingizia hewa shinikizo linashuka chini ya lile la nje. Kunakuwa na ombwe. Penye ufa wowote, hewa ya nje itavutwa kwa nguvu na kuingia bila kupimwa. Hiyo naiita hewa ya wizi.

Ukitia kijiko kimoja cha maji katika kikombe cha chai, ladha itabadilika. Ukitia kijiko hichohicho katika sufuria ya chai ya shule nzima, hakuna atakayejua. Gari likisimama, injini inavuta hewa kidogo kama kikombe, na hewa ya wizi inaiharibu. Likienda kasi, inavuta hewa nyingi kama sufuria, na wizi unafichika. Isitoshe, injini ikizunguka kwa kasi, gurudumu zito la chuma lililo nyuma yake hubeba mwendo na kuziba mapengo.

DALILI NA MAANA YAKE

Dalili ya mvua ni mawingu. Zifuatazo ni dalili ambazo hata abiria anaweza kuzitambua:

(a) Tetemeko linapungua ukikanyaga mafuta kidogo. Shuku hewa ya wizi.

(b) Tetemeko linazidi gari likipanda mlima likiwa na mzigo. Shuku cheche: plagi, waya za plagi au koili.

(c) Moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi. Mafuta yamezidi, au kichujio cha hewa kimeziba.

(d) Moshi wa buluu. Oili ya injini inaingia katika silinda na kuungua.

(e) Breki imekuwa ngumu, au injini inabadilika sana ukikanyaga breki. Shuku busta ya breki au bomba lake. Hii msiisahau, nitairudia.

(f) Sauti ya injini iko sawa, ni mwili wa gari tu unaotikisika. Pengine injini haina kosa lolote. Tazama mipira inayoishikilia injini kwenye fremu, huenda imekatika.

HATUA ZA KUTAFUTA CHANZO

Kanuni ni kuanza na lisilogharimu kitu na kumalizia na lile la gharama. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya kwanza ni macho na masikio. Fungua boneti injini ikiwa baridi. Tazama mabomba madogo ya mpira yanayoingia kwenye injini. Yapinde kidogo kwa vidole uone kama yamepasuka, hasa penye klipu. Tazama kama kuna waya iliyochomoka. Kisha washa, usikilize. Hewa ya wizi mara nyingi hupiga mluzi au husema "sssss".

Hatua ya pili ni kichujio cha hewa. Kitoe, ukiinue kuelekea jua. Kama mwanga haupiti, kimejaa vumbi. Kwa barabara zetu za murramu hili ni jambo la kawaida.

Hatua ya tatu ni kuutafuta ufa ambao macho hayakuuona. Chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza kidogo kidogo penye maungio ya bomba la hewa, mbali na waya na koili. Mngurumo ukibadilika ghafla, ufa uko hapo, kwa sababu maji yameuziba kwa muda. Wako wanaotumia petroli kwa kazi hii. Tafadhali, hata kwa dawa usijaribu. Cheche moja inatosha kuwasha gari na fundi.

Hatua ya nne ni plagi. Zitoe injini ikiwa imepoa, uzipange kwa utaratibu wa silinda zake, maana kila plagi ni barua kutoka silinda yake. Rangi ya kahawia hafifu ni salama. Masizi makavu meusi, mafuta yamezidi. Utelezi wa oili, ringi au mihuri ya vali imechoka. Nyeupe kama chokaa, silinda inapata joto jingi au hewa imezidi. Pima pia mwanya wa plagi. Katika magari mengi huwa kati ya milimita 0.7 na 1.1, lakini kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari lenyewe.

Hatua ya tano ni mafuta. Katika kabureta kuna tundu dogo mno linalolisha injini wakati wa mngurumo wa kusimama peke yake. Chembe moja ya uchafu ikiliziba, gari litazima kila likisimama, na barabarani litakimbia kama kawaida. Katika magari ya sindano za mafuta, sindano moja ikiziba silinda yake inakosa chakula. Mlango wa hewa nao ukijaa masizi husumbua, na mara nyingi kusafishwa tu kunatosha.

Hatua ya sita ni kupima mgandamizo kwa geji, silinda moja baada ya nyingine. Muhimu ni kulinganisha silinda zenyewe kwa zenyewe. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo geji itasoma chini kidogo hata injini ikiwa nzima. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, tia kijiko kimoja cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimelika. Kisipopanda, shuku vali. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya kichwa cha injini.

GARI LENYE KOMPYUTA

Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo magari mengi yanayoingia siku hizi yana kompyuta inayolinda injini. Silinda ikiruka moto, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, na fundi mwenye chombo cha kusoma kompyuta hupata namba. Namba P0300 maana yake silinda zinaruka moto ovyo. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo. P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi mno.

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Kompyuta imesema silinda ya kwanza inaruka moto. Haijasema kwa nini. Lakini utasikia mtu akiambiwa, "Kompyuta imesema koili imeenda, leta pesa ya koili nne." Kumbe kuna jaribio lisilogharimu hata senti. Katika injini ambayo kila silinda ina koili yake, zima gari, chukua koili ya silinda ya kwanza uiweke ya pili, na ile ya pili uiweke ya kwanza. Futa namba, washa tena. Kosa likihama likawa P0302, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Kosa likibaki P0301, koili haina hatia. Fanya vivyo hivyo kwa plagi. Kosa lisipohama bado, chunguza sindano ya mafuta, kisha mgandamizo. Huo ni uchunguzi wa haki, kwa maana hata kipuri hakihukumiwi kabla ya kusikizwa.

KISA CHA GARI LA MBOGA

Sasa nirudie ile dalili (e), kwa mfano nilioushuhudia kwa macho yangu. Mjomba wangu ana Toyota ya zamani yenye kabureta. Kila alfajiri hubeba mboga kuzipeleka sokoni, na barabara yetu ina mteremko mrefu unaoishia penye kituo cha matatu, watu wamejaa. Gari lilianza kutetemeka kila likisimama. Fundi wa kwanza alikaza skrubu ya kabureta, mzunguko ukapanda, tetemeko likapungua. Mjomba akalipa, akaenda zake akifurahi.

Baada ya wiki mbili furaha iliisha. Petroli ilikuwa ikiliwa kama maji, na mjomba alilalamika kwamba breki imekuwa ngumu kama jiwe. Fundi wa pili akasema dawa ni kununua kabureta nzima, shilingi elfu kumi na mbili. Pesa hizo zilikuwepo, lakini zilikuwa karo ya binamu yangu ya muhula uliofuata.

Jumamosi moja mjomba alimwita jirani yetu, mzee aliyestaafu baada ya kutengeneza malori miaka mingi. Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Mzee hakugusa kabureta. Akaniita, "Njoo, msichana wangu, ingia uketi kwa dereva. Usiwashe. Kanyaga breki mara tano, halafu ya mwisho uishikilie hapo hapo."

"Nimeshikilia, babu."

"Sasa mjomba wako awashe. Inashuka?"

"Haishuki, babu. Imekaa tu."

Akatikisa kichwa. Katika gari zima, injini ikiwaka, pedali inayokanyagwa hivyo hushuka kidogo, kwa sababu busta inapata ombwe la injini na kumsaidia dereva. Isiposhuka, ombwe halifiki. Mzee akalizungushia kitambaa bomba la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwa busta, akalibana kwa koleo upande wa injini. Papo hapo gari likatulia. Hata vioo viliacha kucheza! Tulipolitoa bomba, chini ya klipu ya upande wa busta palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Ufa huo mmoja ulikuwa ukiiingizia injini hewa ya wizi, na wakati huohuo ukiinyima breki msaada wake.

Bomba jipya liligharimu shilingi 450. Mzee alisisitiza liwe lile lililotengenezwa kwa ombwe, kwa sababu bomba la maji la kawaida huvutwa likabanana na kuziba. Akalegeza skrubu ya kabureta kuirudisha ilipokuwa, injini ikaunguruma kama cherehani. Tukarudia jaribio la pedali, nayo ikashuka chini ya mguu wangu taratibu. Binamu yangu alilipiwa karo.

Nimefikiria sana juu ya ile skrubu. Kuikaza kulikuwa kama kumziba mdomo mtoto anayelia kwa homa. Kelele zilipungua, ugonjwa ukabaki, na gari likaendelea kuteremka mlima ule kila alfajiri likiwa na breki nusu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ulikuwa ufa hasa, na waliokuwa chini ya mteremko hawakuwa matofali.

TAHADHARI

1. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

2. Usichomoe waya wa plagi kwa mkono injini ikiwaka. Umeme wake hufika volti elfu ishirini na zaidi.

3. Nywele, tai ya shule na mikono ya sweta viwe mbali na feni na mikanda.

4. Usiendeshe kwa muda mrefu gari linaloruka moto. Petroli isiyowaka huenda kuungulia katika chombo cha kusafisha moshi kilicho kwenye ekzosi na kukiharibu, nacho ni ghali.

5. Injini ikizima ghafla gari likiwa mwendoni, busta hubaki na akiba ya kukanyaga breki mara moja au mbili tu kwa wepesi. Kanyaga mara moja kwa nguvu, usiachilie, mpaka gari lisimame.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Injini ya silinda nne inazunguka mara 900 kwa dakika. Kila silinda itawaka mara ngapi kwa sekunde?

2. Gari linatetemeka likisimama na kutulia likienda kasi. Ni lipi utakalochunguza kwanza, na kwa nini?

3. Umehamisha koili kutoka silinda ya tatu hadi ya nne, na namba ikabaki P0303. Je, utanunua koili?

Majibu mtanipa mkinikuta kwenye chama siku ya Alhamisi. Kwa leo naomba kalamu yangu ipumzike hapa. Siku utakapoambiwa na fundi kwamba kipuri fulani kimekufa, muulize kwa heshima, "Fundi, umekipimaje?" Fundi mwema atakuonyesha kwa furaha, na nyote wawili mtaondoka mkiwa mmejifunza jambo.